Aneurin Bevan: Mwanafunzi Mwenye Kigugumizi na Mwalimu Asiyesubiri

Hakuna mwalimu aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka michache ambaye hajakutana naye. Ni yule mtoto ambaye jina lake likiitwa katika daftari la mahudhurio huinua mkono badala ya kuitika. Ambaye katika somo la kusoma kwa sauti huomba ruhusa ya kwenda nje zamu yake inapokaribia. Ambaye akiulizwa saba mara nane huinamisha kichwa na kunyamaza, ingawa katika daftari lake hesabu zote ni sahihi. Wenzake humwita kwa jina la utani, na walimu katika chumba chao husema kwamba ni mzito.

Mwandishi wa makala haya alipata kuwa na mtoto wa namna hiyo darasani mwake. Kwa muda wa mwaka mzima alimruka kila ilipofika zamu yake, akidhani kwamba anamtendea huruma. Mwaka ulipokwisha ndipo alipotambua kwamba mtoto yule hakuwa amesema neno hata moja darasani, na kwamba alama alizompa katika majaribio ya mdomo hazikupima hesabu wala historia, bali zilipima ulimi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya mtu mmoja aliyeanza shule kwa hali kama hiyo, akaimaliza kwa hali mbaya zaidi, na hata hivyo akaja kuhesabiwa miongoni mwa wasemaji hodari kabisa waliopata kusimama katika Bunge la Uingereza. Jina lake ni Aneurin Bevan, ambaye rafiki zake walizoea kumwita Nye. Hatuyaelezi maisha yake ili kuwaahidi watoto wetu uwaziri. Tunayaeleza kwa sababu yanatuonyesha waziwazi ni mambo gani yaliyomfunga ulimi na ni mambo gani yaliyomfungulia. Na kwa bahati mbaya karibu yote yaliyomfungulia aliyapata nje ya shule.

Nyumbani na utotoni

Aneurin Bevan alizaliwa tarehe 15 Novemba, 1897, katika mji wa Tredegar, ulioko katika mabonde ya kusini ya Wales. Mabonde hayo yalikuwa nchi ya chuma na makaa ya mawe. Nyumba za wafanyakazi zilipangwa safu kwa safu kandokando ya mlima, na karibu kila mwanamume aliyeishi ndani yake aliingia ardhini alfajiri na kutoka jioni akiwa mweusi kwa vumbi. Baba yake, David Bevan, alikuwa mchimba makaa. Mama yake, Phoebe, alikuwa mshonaji wa nguo. Walizaa watoto kumi, lakini si wote waliofika utu uzima, kwa kuwa katika zama zile kifo cha mtoto mchanga kilikuwa jambo la kawaida katika nyumba za maskini.

Hata hivyo haikuwa nyumba ya ujinga. David Bevan alipenda vitabu, muziki na mashairi ya Kiwelisi, lugha ya wenyeji wa nchi ile, na kazi ngumu ya mgodini haikumzuia kuyashughulikia aliporudi. Mtoto Aneurin alikua akisikia maneno mazuri yakisemwa na kuimbwa. Yeye mwenyewe hakuweza kuyatamka bila taabu. Tangu udogo wake alikuwa na kigugumizi kikali: sauti ya kwanza ya neno ilimganda kinywani, au ilijirudia mara nyingi kabla ya neno lenyewe kutoka.

Inafaa hapa tusimame kidogo, tueleze kigugumizi ni nini, kwa maana bila ya kufahamu hivyo hatutaweza kupima yaliyompata shuleni.

Wataalamu wanakadiria kwamba watoto watano hivi katika kila mia hupitia kipindi cha kigugumizi, na kwamba kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka miwili na mitano, wakati lugha ya mtoto inapokua kwa kasi. Wengi wao hupona kabla ya kubalehe. Katika watu wazima hubaki karibu mmoja katika kila mia, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Kigugumizi mara nyingi hutembea katika ukoo. Wazee wetu wakimwona mtoto anagugumia kama mjomba wake husema kwamba amemwiga; utafiti unaelekeza kwamba mara nyingi amerithi. Tena kazi za ubongo zinazopanga mfuatano na wakati wa sauti huonekana kuwa tofauti kidogo kwa wenye kigugumizi. Kwa hiyo asili yake si woga, wala si uvivu, wala si malezi mabaya, na wala si upungufu wa akili. Woga na aibu haviletei mtoto kigugumizi. Bali vikishaungana nacho humfanya atumie nguvu zake zote katika kukificha.

Jambo jingine linalowashangaza walimu ni kwamba mtoto huyohuyo asiyeweza kutaja jina lake huimba bila kukwama, husoma vizuri anaposoma pamoja na wenzake kwa sauti moja, na husema sawasawa anapozungumza na mbuzi au paka wake. Kwa sababu hiyo hudhaniwa kwamba anajifanya. Hajifanyi. Hiyo ndiyo tabia ya kigugumizi chenyewe: hupungua mahali ambapo hakuna anayesubiri jibu, na huzidi mahali ambapo mtu anatazamwa, anaharakishwa na kupimwa. Nasi tukitafuta mahali ambapo mtoto hutazamwa, huharakishwa na kupimwa kuliko pengine popote, tutapaona darasani.

Shuleni Sirhowy

Bevan alisoma katika shule ya msingi ya Sirhowy, palepale Tredegar. Waandishi wa maisha yake wamekubaliana kwamba alichukia shule, na kwamba mwalimu mkuu wake alikuwa mtu mkali na mwenye kudhihaki, aliyemwonea. Masomo yake yalionekana kuwa duni kiasi kwamba mwalimu mkuu aliamua arudie darasa, akae pamoja na watoto waliokuwa wadogo kuliko yeye.

Mwalimu msomaji na alifikirie jambo hili. Kijana ambaye miaka michache baadaye angejisomea mwenyewe vitabu vya falsafa na uchumi alihukumiwa na shule kuwa hafai kupanda darasa. Katika shule za zama zile mtoto alisimama, akaulizwa, akajibu papo hapo mbele ya wote. Asiyejibu alihesabiwa kuwa hajui. Kwa mtoto mwenye ulimi mwepesi njia hiyo ilitosha. Kwa mtoto mwenye kigugumizi ilikuwa mizani isiyo ya haki, kwa kuwa jibu lililokwama kinywani halikutofautishwa na jibu ambalo halikuwapo kabisa.

Kuna kisa kimoja cha siku zile ambacho husimuliwa sana. Siku moja mwalimu mkuu alimwuliza mwanafunzi mmoja kwa nini hakufika shuleni jana yake. Mtoto akajibu kwamba ilikuwa zamu ya ndugu yake kuvaa viatu, kwa maana nyumbani kwao walikuwa na jozi moja tu. Mwalimu akalifanyia jibu hilo dhihaka mbele ya darasa. Bevan hakuweza kuvumilia. Alitwaa kidau cha wino akamrushia mwalimu. Hatukisimulii kisa hiki kusifu utovu wa adabu. Tunakisimulia kwa sababu kinafunua jambo ambalo mwalimu yule hakuliona: mtoto aliyehesabiwa kuwa mzito alikuwa amesikia kila neno, amelipima, na amelitolea hukumu, ila hakuwa na njia ya kuitamka hukumu yake. Mkono ulisema pale ulimi ulipozuiliwa. Ni mara ngapi katika shule zetu tumemwadhibu mtoto mkorofi bila ya kuuliza ni maneno gani yaliyokuwa yamemkwama kabla ya mkono wake kuinuka?

Alipokuwa angali shuleni, Bevan alifanya kazi ya kupeleka nyama kwa wateja wa mchinjaji mmoja wa mjini. Alipotimiza umri wa miaka 13 aliiacha shule, akaingia katika mgodi wa Ty-Trist, ambako baba yake na kaka yake walikuwa wakifanya kazi.

Mgodini na maktabani

Ajabu ya maisha yake ni kwamba elimu yake ilianza siku ile aliyoiacha shule. Wafanyakazi wa Tredegar walikuwa wamejenga jumba lao la mikutano lenye maktaba, kwa fedha zilizokatwa kidogo kidogo katika mishahara yao. Kijana Bevan, baada ya kutoka ardhini na kuoga, alikwenda kuazima vitabu humo na kusoma hadi usiku wa manane. Alisoma hadithi za Jack London, kisha akasoma vitabu vya historia, vya uchumi na vya falsafa. Kitabu hakimharakishi msomaji wake, wala hakimcheki.

Katika kusoma huko aligundua pia hila ambayo wenye kigugumizi wengi huigundua wenyewe. Kila mmoja wao ana sauti fulani zinazomshinda. Akiona kwa mbali kwamba neno lijalo litamkwama, hulikwepa na kutia jingine lenye maana ileile. Bevan alijikusanyia maneno mengi sana kwa ajili hiyo, na inajulikana kwamba alikuwa akiichunguza kwa bidii kamusi ya visawe ya Roget. Alipohitaji neno moja alikuwa na matano akibani. Baadaye watu walipostaajabia wingi na uzuri wa maneno yake, wachache walijua kwamba utajiri ule ulianza kama njia ya kukwepa vikwazo.

Lakini walimu tusiidhanie hila hiyo kuwa dawa. Kwa watu wengi kukwepa maneno huwa mzigo mkubwa. Mtoto husema kwamba hajui, ilhali anajua. Hutaja jina lisilo lake kwa sababu lake linaanza na sauti inayomshinda. Huagiza chakula asichokitaka kwa sababu jina lake ni jepesi kutamka. Akizoea hivyo maisha yake huongozwa na ulimi wake, na si na matakwa yake. Bevan alifaidika na maneno aliyoyakusanya, lakini asingalifika mbali kama angaliendelea kukwepa. Ilimbidi siku moja asimame mbele ya watu na kugugumia.

Katika mikutano ya wachimba makaa

Siku hiyo ilikuja mapema. Bevan alijiunga na chama cha wafanyakazi wa migodi ya Wales ya Kusini, na alipokuwa na umri wa miaka 19 tu alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa tawi lake. Kazi ya mwenyekiti ni kusema: kuwasemea wenzake mbele ya wasimamizi wa mgodi, kueleza mashauri, kujibu hoja, kutuliza ugomvi. Kigugumizi chake kilikuwa kingali kikali. Wenzake hawakumchagua kwa kuwa alisema vizuri. Walimchagua kwa kuwa alikuwa na jambo la kusema, nao walikuwa tayari kulingojea.

Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya darasa la Sirhowy na mkutano wa wachimba makaa. Mwalimu aliuliza swali ambalo jibu lake yeye mwenyewe alilijua, akangoja sekunde mbili, akahukumu. Wachimba makaa waliuliza swali ambalo jibu lake hawakulijua na walilihitaji, kwa sababu mishahara na maisha yao yalilitegemea; kwa hiyo walingoja. Bevan alikwama mbele yao mara nyingi, wala hakujificha. Inasimuliwa kwamba rafiki yake mmoja alipomwuliza baadaye jinsi alivyokishinda kigugumizi, alijibu kwa mzaha kwamba alikishinda kwa kuwatesa wasikilizaji wake. Ndani ya mzaha huo mna ukweli mkubwa: hakungoja apone ndipo aseme, bali alisema hali angali akigugumia.

Miongoni mwa watu waliomsaidia alikuwako mzee mmoja aitwaye Walter Conway, katibu wa chama cha msaada wa matibabu cha Tredegar. Conway alikuwa mtu aliyejielimisha mwenyewe, naye alimshauri kijana kwamba asiyeweza kulisema jambo bado hajalijua vizuri. Bevan alilishika shauri hilo maisha yake yote. Alitembea peke yake katika milima iliyo juu ya mji, akiyapanga mawazo yake na kuyasema kwa sauti, mpaka kila hoja ikawa wazi kichwani mwake.

Hapa inatupasa tuwe waangalifu. Shauri la Conway lilimfaa Bevan kwa sababu lilitoka kwa rafiki aliyemheshimu, na kwa sababu lilimhimiza kuandaa mawazo yake. Lakini kama kanuni ya ualimu si kweli. Mtoto mwenye kigugumizi anaweza kulijua jambo kikamilifu na asiweze kulisema. Mwalimu atakayelichukua neno hilo na kumwambia mwanafunzi wake mbele ya darasa kwamba kukwama kwake ni dalili ya kutojua, atakuwa amerudia kosa la mwalimu mkuu wa Sirhowy. Tuchukue sehemu iliyo njema: mpe mtoto nafasi ya kuandaa atakalosema kabla ya kumtaka aliseme.

London, na kurudi nyumbani

Mwaka wa 1919 chama chake kilimlipia masomo katika Central Labour College, chuo cha wafanyakazi kilichokuwa London. Alikaa huko hadi mwaka wa 1921. Alisoma uchumi, historia na nadharia za Marx na Engels, na pamoja na hayo alifanya zoezi moja linalowahusu sana walimu. Alijifunza vifungu virefu vya maandishi ya William Morris na kuvighani kwa sauti, tena na tena. Kidogo kidogo kigugumizi chake kilianza kulegea.

Tumekwisha kuona kwamba kigugumizi hupungua katika wimbo na katika kusoma pamoja. Kughani kwa mapigo yaliyopangwa kunafanana na hayo. Msemaji hapaswi kutafuta maneno. Yamekwisha tengenezwa, na mwendo wake unamvuta mbele. Mtu aliyezoea kusikia sauti yake mwenyewe ikikwama hupata, pengine kwa mara ya kwanza, kuisikia ikitiririka. Si tiba kamili, kwa kuwa mazungumzo ya kawaida hayana mapigo. Lakini humpa mtu ushahidi kwamba sauti yake inafaa kusikilizwa.

Aliporudi Tredegar mwaka wa 1921 hakupata kazi, kwa maana wenye migodi walimjua kuwa mpinzani wao. Alikaa muda mrefu bila ajira. Mwaka wa 1922 alichaguliwa kuwa diwani wa mji. Februari, 1925, baba yake alifariki mikononi mwake, mapafu yakiwa yameharibiwa na vumbi la makaa. Na kwa kuwa sheria ya wakati ule haikuutambua ugonjwa huo kuwa umetokana na kazi, jamaa yake hawakulipwa fidia yoyote. Mwaka uliofuata, 1926, chama kilimpa kazi ya mshahara, na katika mgomo mkuu wa mwaka huo alikuwa mmoja wa viongozi katika bonde lake. Mwaka wa 1929, akiwa na umri wa miaka 31, alichaguliwa kuwa mbunge wa Ebbw Vale, na alikishika kiti hicho mpaka alipokufa.

Bungeni na uwaziri

Katika Bunge la Uingereza Bevan alisimama mbele ya watu waliokuwa wamesoma katika shule na vyuo vikuu vilivyosifika sana, naye alikuwa ameacha shule akiwa na miaka 13 baada ya kurudishwa darasa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kumkosoa Winston Churchill mara kwa mara. Kigugumizi hakikumwacha kabisa. Kilibaki kidogo, na kilijitokeza hasa alipokuwa na jazba. Lakini hakukitoroka tena. Alikuwa amejifunza kunyamaza kabla ya neno zito, na wasikilizaji walizoea kuinama mbele wakingoja neno litakalotoka. Kimya ambacho shuleni kilikuwa aibu yake, Bungeni kilikuwa sehemu ya nguvu zake.

Mwaka wa 1945 chama cha Labour kilishinda uchaguzi, na Bevan akafanywa Waziri wa Afya. Katika Tredegar alikuwa ameona jinsi wafanyakazi walivyochanga kila wiki ili kila mmoja wao na jamaa yake wapate daktari. Naye alikuwa ameona jinsi asiyekuwa na kitu alivyokufa bila msaada. Aliamua kwamba nchi nzima ifanye kama Tredegar. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Afya ilipitishwa mwaka wa 1946. Madaktari wengi waliipinga vikali, na kwa miaka miwili Bevan alijadiliana nao, akibishana, akisihi, akikubali hili na kukataa lile. Tarehe 5 Julai, 1948, huduma ilianza: kila mtu angetibiwa bila malipo anapougua, gharama zikitolewa katika kodi ya wote. Kazi kubwa kuliko zote za maisha yake ilifanyika kwa kusema, yaani kwa chombo kilekile ambacho shule ilikitangaza kuwa kibovu.

Aprili, 1951, serikali ilipokata shauri kwamba watu walipie sehemu ya gharama ya meno ya bandia na miwani, alijiuzulu. Tarehe 4 Novemba, 1956, alihutubia umati mkubwa katika uwanja wa Trafalgar Square, London, akipinga uvamizi wa Misri katika mgogoro wa mfereji wa Suez. Hotuba hiyo hukumbukwa hata leo. Mwaka wa 1959 alichaguliwa kuwa naibu kiongozi wa chama chake. Alifariki kwa ugonjwa wa saratani tarehe 6 Julai, 1960, akiwa na umri wa miaka 62.

Mafunzo kwa mwalimu

Je, maisha haya yanatufundisha nini katika kazi yetu ya kila siku? Wengine watasema kwamba Bevan alifanikiwa kwa sababu ya ukali wa shule, kwa kuwa shida humkomaza mtu, na watatukumbusha methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Sisi hatukubaliani nao. Kwa Bevan mmoja aliyeokolewa na maktaba, chama na rafiki, wamekuwako watoto wengi walionyamaza shuleni na kuendelea kunyamaza maisha yao yote, nasi hatuyajui majina yao kwa sababu hiyo hiyo. Ulimi uliokwama haukunjwi kama samaki.

Kwanza, tutenganishe ujuzi na ulimi. Mtoto mwenye kigugumizi apimwe kwa maandishi, kwa kuonyesha, kwa kuchora, au kwa kuzungumza na mwalimu peke yake. Mtihani wa mdomo usiwe sababu ya kumrudisha darasa.

Pili, tungoje. Mtoto akikwama tumtazame kwa utulivu, tusimmalizie neno, wala tusimwambie avute pumzi au aanze tena. Mashauri hayo hutolewa kwa nia njema, lakini humwambia mtoto kwamba tunasikiliza namna anavyosema badala ya kusikiliza anachosema. Mwalimu mwenyewe akisema polepole, na akiwazoesha wanafunzi wote kuwaza kidogo kabla ya kujibu, darasa zima litafaidika.

Tatu, tusimruke. Kumruka, kama alivyofanya mwandishi huyu, ni kumtoa darasani hali amekaa ndani yake. Njia iliyo njema ni kumwita faraghani na kumwuliza mwenyewe angependa kushiriki namna gani: pengine asome pamoja na mwenzake, pengine ajulishwe swali lake siku moja kabla, pengine aitwe mapema ili asikae akitetemeka huku zamu ikimkaribia. Katika kuita mahudhurio watoto wote na waruhusiwe kuitika kwa njia wanayoipenda, ili asionekane yeye peke yake.

Nne, tutumie ngonjera, nyimbo, maigizo na kusoma kwa pamoja. Mambo hayo yamo tayari katika shule zetu, na tumeona yalivyomfaa Bevan. Lakini tusimlazimishe mtoto kughani peke yake mbele ya wageni kama maonyesho.

Tano, tuzuie dhihaka, na tuanze na zetu wenyewe. Watoto huyachukua majina ya utani kutoka kwa watu wazima. Na kijana wa sekondari huumia zaidi kuliko mtoto mdogo, kwa kuwa katika umri ule macho ya wenzake ndiyo kioo chake.

Sita, tuwashauri wazazi. Mtoto mdogo ambaye kigugumizi chake kimedumu kwa miezi mingi, au ambaye ameanza kuogopa kusema, na apelekwe kwa mtaalamu wa matamshi mahali anapopatikana. Wataalamu hao ni wachache katika nchi zetu, na aghalabu wako mijini. Kwa hiyo mara nyingi mwalimu ndiye msaada wa karibu. Mwalimu si tabibu, na hatakiwi kuponya. Anachotakiwa ni kuhakikisha kwamba mtoto anayegugumia anaendelea kusema.

Katika mlima ulio juu ya Tredegar, mahali ambapo Bevan alizoea kuwahutubia watu wake, yamesimamishwa mawe ya ukumbusho: moja kubwa kwa ajili yake, na matatu madogo kwa ajili ya miji aliyoiwakilisha. Hakuna jiwe katika shule ya Sirhowy kumkumbuka mwalimu aliyemrudisha darasa. Kesho asubuhi kila mmoja wetu atafungua daftari la mahudhurio na kuanza kuita majina. Likifika jina la yule mtoto, na kimya kikaingia, tuiweke kalamu chini, tumtazame, tungoje.